Michango ya Matanga na Michango ya Nyumba



Kila mkaaji wa Bel-Air ajua jinsi mambo yaendavyo mtu akifa. Kilio husikika jioni, na kabla ya usiku kuwa mwingi bashi imekwisha kutandazwa mbele ya nyumba, mabenchi yamekopwa huku na huko, moto umewashwa, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri ameketi mezani na daftari lake. Kila nyumba ya avenyu yaleta kitu. Jina laandikwa, kiasi chaandikwa. Shirika la Wakristo lina fungu lake, wenzake wa kazini wana lao, wa likelemba vilevile. Hakuna aulizaye kama marehemu alikuwa mtu wa sala au mtu wa pombe, kama kabila lake ni hili au lile, kama alikufa ana deni dukani. Unga wapatikana, maharagwe yapatikana, makaa, sanduku, gari na gharama ya kaburi. Watu walala nje usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, hata katika baridi ya Juni. Asubuhi waenda kazini na macho mekundu, wala hakuna alalamikaye kwa sauti.

Hilo ni jambo zuri, nasi hatutaki mtu yeyote alipunguze. Lakini yafaa kuliweka kando ya jambo jingine, tuyatazame yote mawili pamoja.

Katika avenyu ileile yuko mtu aliye hai, mwenye mke na watoto wanne, ambaye hajalipa nyumba tangu miezi mitatu. Kazi yake imekwisha, au biashara ya mkewe sokoni imeanguka kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Kwanza amekula garanti, maana yake amekaa juu ya zile fedha alizomwachia mwenye lupango siku ya kuingia. Garanti imeisha. Ndipo ameanza kurudi usiku, asikutane na mwenye lupango penye bomba la maji. Jirani wajua, maana katika lupango moja hakuna siri. Siku moja godoro, masufuria na mizigo ya nguo viko nje, na mlango una kufuli jipya. Hapo hakuna bashi wala daftari. Watu wapita na kusema: "Pole, mama," kisha wageuza macho.

Basi, swali letu ni hili. Kwa nini mtaa umpao maiti kila kitu haumpi aliye hai hata malipo ya mwezi mmoja? Na tena, lililo gumu zaidi: kumsaidia mtu asitolewe nyumbani mwake ni ukarimu tu, ambao twaweza kuuacha bila kosa, ama ni deni?

Kwa wale wasioujua mji wetu, Bel-Air ni mtaa wa komini ya Kampemba katika Lubumbashi. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni hewa nzuri. Nayo komini hiyohiyo ina mtaa mwingine uitwao Hewa Bora, kana kwamba mji ulipenda kulisema neno hilo mara mbili. Lubumbashi ilianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na iliyouzaa mji huo ni shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwajengea wafanyakazi wake makambi. Nyumba zile zilikuwa imara, lakini nyumba ilifuata kazi: aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Nje ya makambi palikuwa na mitaa ya Waafrika, Kamalondo na Kenya, kisha Katuba iliyoanza mwaka 1950, ambako watu walikopeshwa vyombo vya kujengea, wakajenga na kurudisha deni kidogo kidogo. Mwaka 1952 ikaundwa ofisi iliyojulikana kwa herufi zake, OCA, nayo ikajenga nyumba nyingi za Ruashi. Mtu mweusi mkaaji wa mitaa hiyo hakuweza kuwa na ardhi kwa jina lake mwenyewe, kama mali kamili, mpaka amri ya mwaka 1953.

Tumeyasema hayo kwa sababu yameacha alama katika mawazo yetu hata leo. Kwa muda wa miaka mingi nyumba ilikuwa kitu kinachotolewa na bwana wa kazi, na mwenye kutoa alikuwa na ruhusa ya kutwaa tena. Wengi bado wafikiri hivyo, ingawa bwana mwenyewe ameondoka. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, raia akipewa haki ya kuutumia. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaaga wafanyakazi 10,655 kwa mpango uliogharimiwa na Banki ya Dunia. Wale waliozaliwa kambini, ambao baba zao pia walizaliwa kambini, walijikuta kila mtu ajitafutie pake. Leo mji una watu zaidi ya milioni mbili, na wengi wao hawana kampuni ya kuwapa chumba. Wamenunua lupango, au wamepanga kwa mtu.

Na kupanga kuna shida yake ya pekee kwetu. Malipo ya nyumba yahesabiwa kwa dola, lakini mama wa sokoni apata faida yake kwa faranga. Faranga ikishuka, malipo yapanda, hata kama mwenye lupango hakufungua kinywa. Mama yule hakufanya uvivu, hakununua nguo mpya, hakula zaidi kuliko mwezi uliopita. Amelala na deni lake na ameamka nalo limekua. Anayesema kwamba kila mwenye deni la nyumba ameliita mwenyewe, na aihesabu kwanza hesabu hiyo.

Tena tusidhani kwamba mwenye lupango ni tajiri daima. Wako matajiri wenye nyumba kumi, na hao tutawarudia. Lakini katika Bel-Air twawaona wengi ambao wakaa katika nyumba ya mbele na kupangisha vyumba viwili vya nyuma, na kwa fedha hizo wanalipa masomo ya watoto na dawa za uzee. Mara nyingi ni mjane. Asipolipwa miezi mitatu, mtoto wake naye afukuzwa shuleni. Basi, mwenye kumtetea mpangaji kwa kumlaani mwenye lupango amehamisha taabu tu kutoka chumba cha nyuma hadi chumba cha mbele. Haki haipatikani hivyo.

Hapa yafaa tuwasikilize walimu wetu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipambanua mambo mawili juu ya mali. La kwanza ni kuipata na kuitunza: hapo mtu aweza kuwa na mali yake mwenyewe, na ni vizuri iwe hivyo, kwani kila mtu hutunza zaidi kilicho chake, na magomvi hupungua. La pili ni kuitumia: hapo mtu asivihesabu vitu kuwa vyake peke yake, bali awe tayari kuwagawia wenye haja. Tena alifundisha kwamba mtu akiwa katika dhiki ya kupita kiasi, kile akitwaacho ili aokoe uhai wake hakihesabiwi kuwa cha wizi. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila kusoma Kilatini. Msafiri mwenye njaa aliyevunja muhindi mmoja shambani hakupelekwa mbele ya chifu.

Je, kutokuwa na nyumba ni dhiki ya namna hiyo? Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliitaja nyumba pamoja na chakula, mavazi na matibabu kati ya haki za kila binadamu. Mwaka 1987 Tume ya Vatikano ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya watu wasio na makao. Nayo Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 48 yaahidi makao ya heshima. Kitu ambacho ni haki kwa mmoja, kwa mwingine ni wajibu. Hakuna haki inayoning'inia hewani bila mtu wa kuitimiza. Tabu ni kujua ni nani. Serikali? Mwenye lupango? Ndugu wa tumbo moja? Jirani?

Kwetu jibu la kwanza ni jamaa. "Aende kwa ndugu zake." Kweli, ndugu humpokea, na bila ndugu mji huu ungekuwa na maelfu ya watu barabarani kila usiku. Lakini tulitazame vizuri jibu hilo. Mtu asiye na nyumba kwetu haambiwi kwamba hana nyumba. Husemwa tu kwamba anakaa kwa watu. Kaka mwenye vyumba viwili ampokea mdogo wake na mke na watoto wanne. Wavulana walala sebuleni kati ya viti, wasichana pamoja na bibi, na mume na mke hawana tena mahali pa kuongea. Baada ya miezi sita unga umekuwa ugomvi. Mtoto anayesemwa kila siku kwa ajili ya chakula anachokula hujifunza kukaa nje mpaka usiku, kisha siku moja harudi. Mapadre wa Don Bosco, ambao wamo mjini humu tangu mwaka 1911 na ambao huwapokea watoto wa barabarani katika nyumba yao ya Bakanja, wamekwisha kuona wengi wa hao. Twasema "mashege" kana kwamba ni kabila lililotoka mbali. Huyo alikuwa mtoto wa avenyu fulani, katika nyumba iliyofungwa kufuli.

Kwa hiyo jamaa ni ukuta wa kwanza, na ukuta huo umebeba mzigo kupita nguvu zake. Anayesema "aende kwa ndugu zake" mara nyingi ampeleka maskini kwa maskini mwenzake, naye mwenyewe aenda kulala.

Turudi basi kwenye swali la maiti na mtu hai. Tumesikia watu wakisema kwamba sababu ni hofu ya wafu. Labda zamani. Sisi twaona sababu nyingine, na ni za akili kabisa. Matanga yana mwisho: siku zikitimia bashi yakunjwa, na hesabu yasomwa. Matanga yana zamu: nilichokutolea leo utanitolea kesho, na jina langu katika daftari ndilo ushahidi. Tena matanga hayana aibu. Mama aliyefiwa hulia kwa sauti, watu wasikia, waja. Lakini deni la nyumba laonekana halina mwisho. Ukimlipia mwezi huu, mwezi ujao je? Halina zamu, kwa sababu mwenye nyumba yake adhani hatafikwa kamwe. Na zaidi ya yote lina aibu. Mwenye deni halii kwa sauti. Hujificha, hudanganya kidogo, hukwepa Misa ya Jumapili asije akaulizwa mchango. Siku watu wajuapo kwa hakika, mizigo iko nje, na hapo kumrudisha ndani ni gharama mara tatu, kwani lazima atafutiwe nyumba nyingine na garanti nyingine.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la kweli, hatuwezi kulificha: maiti hadanganyi. Harudi wiki ijayo kuomba tena, hanywi fedha za sanduku. Aliye hai aweza kufanya hayo yote. Mwenye kukataa kumchangia mlevi ana sababu. Lakini angalieni jinsi sababu hiyo ilivyo pana kupita kiasi: kwa ajili ya walevi wawili wa avenyu wanyimwa wajane sita. Na hata nyumba ya mlevi ina mke na watoto ambao hawakunywa.

Kama hayo ndiyo yanayoufanya mchango wa matanga uwe mwepesi, basi mtu anayetaka mchango wa nyumba hana haja ya kuwahubiria watu wawe na moyo mwema zaidi. Moyo wanao, wauonyesha kila wiki. Awape mchango wenye mwisho, wenye zamu na usio na aibu.

Mwisho maana yake ni kwamba shirika lisimlipie mtu "mpaka mambo yatengenee", bali malipo ya mwezi mmoja, au miwili, yakisemwa tangu mwanzo. Nao ni mkopo, hata kama utarudishwa kwa faranga chache kila Jumapili. Mkopo humwachia mtu heshima yake. Ndiyo maana wazee wa Katuba waliolipa nyumba zao kidogo kidogo walijivuna nazo. Zamu maana yake ni kwamba na mwenye lupango awe mwanachama, siyo mpangaji peke yake, kwa sababu naye ana siku yake: manjanja ya paa yang'olewapo na upepo wa Novemba, au ukuta wa matofali mabichi unapoanguka katika mvua za Januari. Fedha zisipite mikononi mwa mwenye deni. Wawili wa shirika wazipeleke kwa mwenye lupango, karatasi ya kupokea iandikwe, na papo hapo waulize neno la pili: "Papa, utaweza kumngojea mpaka lini?" Mara nyingi mwenye lupango hakuwa na haja ya kumtoa mtu. Alikuwa na haja ya kujua kwamba yuko mtu anayejibu.

Juu ya aibu hatuna dawa ya haraka. Hata hivyo twaona kwamba akina mama wa shirika, wale wanaotembelea wagonjwa, wanajua mambo mwezi mzima kabla ya wengine. Jiko lisilowaka jioni laonekana. Wakipewa ruhusa ya kupeleka habari kwa watu wawili tu wanaotunza sanduku, bila kulitaja jina katika mkutano, mambo mengi yangetengenezwa kabla ya kufuli. Daftari la matanga husomwa mbele ya watu wote. Daftari la nyumba lisome jumla ya fedha tu. Katika jambo hili moja mfano wa matanga haufai.

Liko tena tendo moja ambamo matanga yenyewe huwa mlango wa kutolea watu nje. Hapo twaomba wasomaji wasimame kidogo pamoja nasi.

Tuchukue mfano. Baba wa nyumba amefariki. Alinunua lupango miaka ishirini iliyopita, akajenga vyumba vitatu kwa matofali ya kuchoma yaliyopigwa kwa udongo wa kichuguu, akaezeka manjanja. Mkewe alipika na kuuza maandazi, na nusu ya saruji ni maandazi hayo. Siku ya kuondoa matanga, mdogo wake marehemu, ambaye watoto wamwita baba mdogo, asimama na kusema kwa upole: "Ndugu na jirani, tunawashukuru sana. Yaliyobaki ni mambo ya jamaa." Kwa maneno hayo shirika lachukua mabenchi yake na kuondoka. Yaliyobaki ni nini? Ufunguo, karatasi za lupango, na mama mwenye nguo nyeusi ambaye hathubutu kusema neno asije akaambiwa kwamba alimwua mumewe kwa ajili ya nyumba. Baada ya miezi michache yeye na watoto wapanga chumba kimoja mbali, katika pembe za komini ya Annexe, na vyumba vitatu vimeuzwa.

Waliotoa mchango wa sanduku la maiti walitoa kwa moyo safi. Lakini kama wangekaa jioni moja zaidi, wakauliza swali moja, watoto wale wangelala kwao.

Sheria ya nchi haiko upande wa baba mdogo. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yawaweka watoto mbele ya warithi wote, hata wale wa nje ambao baba aliwakubali akiwa hai, na kuwapa robo tatu za urithi. Mjane yampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja yeye na mumewe. Hayo ni maandishi ya Serikali, siyo huruma ya mtu. Lakini hapa twapaswa kuwaambia Wakristo wetu jambo wasilopenda kulisikia: mbele ya Serikali ndoa ya kanisani peke yake haina nguvu. Ndoa iandikishwe komini. Mama aliyefunga ndoa mbele ya Padre, akavaa pete miaka thelathini, aweza kufika mbele ya hakimu mikono mitupu kwa kukosa karatasi moja. Na karatasi za lupango zisikae chini ya godoro la mtu mmoja; nakala iwekwe kwa mtu mwaminifu, na mke ajue ni nani.

Bwana wetu aliwakemea waandishi wa sheria waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Na katika Kitabu cha Wafalme, mfalme Ahabu aliyelitamani shamba la Nabothi hakulipata kwa upanga wa usiku. Liliandikwa barua, likatiwa muhuri, likaitwa baraza, wakasimamishwa mashahidi wawili. Yote yalionekana halali. Watu wa mji ule waliokuwa wamekaa barazani walijua, wakanyamaza.

Nyumba zimepotea kwetu kwa njia nyingine pia. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji huu, wakakaa humo miezi mingi, hali nyumba zao zilikuwa mwendo wa miguu tu. Mwaka 1992 na 1993 tena, katika mkoa huu, watu waliozaliwa hapa walifukuzwa na kungoja treni vituoni na watoto wao, na wengi waliacha nyumba au kuziuza kwa bei ya kutupa. Twayakumbusha bila kumnyoshea mtu kidole, ila kwa sababu ya lile daftari la matanga lisilouliza kabila. Daftari la nyumba nalo lisiulize.

Labda mtu atasema: mambo haya ni ya Ulaya, kwetu watu wasaidiana bila sheria. Ulaya nako yalianza kwa maiti. Mwezi wa Februari 1954, katika baridi kali, mwanamke mmoja alikufa kando ya barabara katika mji wa Paris, mkononi akiwa na karatasi ya kumtoa nyumbani. Padre mmoja akapaza sauti redioni, watu wakaleta mablanketi na fedha kwa wingi ajabu. Lakini lililodumu kuliko mablanketi ni sheria ya mwaka 1956 iliyokataza kuwatoa watu nyumbani wakati wa baridi. Kwetu hakuna theluji. Ziko mvua, na ziko zile usiku za Juni na Julai ambazo mtoto hawezi kulala nje. Shirika laweza kupatana na wenye lupango wa avenyu yake kwamba katika miezi hiyo mtu hatolewi bila kuwaita kwanza watu wa sanduku. Hakuna haja ya kungoja bunge kwa jambo hilo.

Na jirani zetu wa mashariki wametangulia. Huko Dar es Salaam, watu wa Kurasini walipotolewa kwa ajili ya kupanua bandari, wengine wao walikuwa wamekwisha kuzoea kuweka akiba pamoja katika vikundi vyao. Wakanunua eka 30 huko Chamazi na kuanza kujenga nyumba zao. Chamazi ni mbali na mji, na umbali una gharama yake, kama wanavyojua watu wetu wanaoamka saa kumi za usiku kuja sokoni kutoka viwanja vya pembeni. Lakini tofauti kati yao na waliotawanyika ilikuwa akiba iliyoanza kabla ya tingatinga kufika. Likelemba zetu zaweza kufanya vilevile: badala ya kila mtu kupokea zamu yake na kuila, zamu moja katika mwaka iwe ya matofali, au ya kumlipia mmoja karatasi za lupango alilokwisha kulinunua.

Maaskofu wa Kongo walipokutana mwaka 1961 walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ndizo hizi tuziitazo mashirika. Jumuiya iliyo hai na ijue nani kati ya watu wake atalala wapi mwisho wa mwezi.

Tuliahidi kuwarudia wenye nyumba kumi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yawakataza kudai garanti kupita miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, na yataka magomvi ya kupanga yapelekwe kwanza kwenye ofisi ya makao ya komini ili watu wapatanishwe, kabla ya kwenda kwa hakimu. Adaiye miezi sita ajua kwamba maskini hatashitaki. Kwake yeye jambo hili si la ukarimu hata kidogo. Anachodai juu ya mitatu si chake, na akija kuungama asikitaje kuwa ni biashara. Na mtu akitolewa kwa kufuli bila karatasi ya hakimu, watu wa sanduku wasibaki kumwonea huruma: waende naye komini, wakichukua zile karatasi za kupokea fedha, hata mara ya tatu na ya nne. Sanduku la shirika halikuwekwa ili Serikali ipumzike.

Kiasi cha kutoa hatukiandiki hapa. Shirika la watu wa sokoni halina uwezo wa shirika la watu wa mshahara. Kila moja lichukue daftari lake la matanga, lihesabu lilichokitoa tangu Januari hadi Desemba, kisha wanachama waamue wenyewe ni sehemu gani ya kiasi hicho itawekwa pembeni, na nani watatunza funguo.